Sikurudi, Nilikuja

Mama Hadija alizikwa Jumatano alasiri, nikiwa bado njiani. Gari letu lilikuwa limesimama Karuzi kwa sababu ya mvua iliyokata barabara, binti yake Hadija akanipigia simu kusema kwamba hawawezi kumngoja mtu, hata mimi. Nikamwambia sawa, maiti haingojeshwi. Nilifika Gitega viatu vimejaa matope, nikavivua mlangoni palipokuwa na viatu vya wengine, nikaingia chumba cha nyuma walikokaa wanawake kwenye mikeka. Mmoja nisiyemjua akauliza kwa sauti ya chini, "Ule ni nani?" Mwingine akamjibu, "Ule ni mutoto ya hapa, ile ya Tanzania." Nimeishi Burundi zaidi ya nusu ya maisha yangu. Ninafanya kazi ya ukalimani mahakamani Muyinga, nawafasiria watu wanaogombania mashamba, na mawakili hunyamaza ninapofungua kinywa. Lakini katika mtaa wa Waswahili wa Gitega mimi bado ni yule wa Tanzania. Zamani neno hilo lilinichoma. Siku ile nililipokea, nikasogea, nikakaa.

Hadija alinipa chai ya maziwa na chapati iliyokunjwa mara nne, kama mama yake alivyokuwa akizikunja. Nilikaa pale siku tatu, na katika siku hizo tatu niliufikiria mwaka mmoja tu. Habari za wazazi wangu, za makazi ya wakimbizi nilikozaliwa, na za lori lililotuvusha mpaka, nitaziacha. Nimezisimulia mara nyingi, na kila mara watu hungoja nilie. Mwaka ninaotaka kuusimulia hapa haukuwa mwaka wa kulia. Ulikuwa mwaka wa kukataa.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Kule Tanzania nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa Kiswahili, na nilikuwa mtu wa kuinua mkono darasani kabla swali halijaisha. Tulipofika Gashoho, huko Muyinga, mwalimu wa shule ya jirani alinipa kitabu cha Kifaransa nisome sentensi moja. Nikaisoma kama ilivyoandikwa, kila herufi nikaipa sauti yake, na darasa zima likacheka. Akanipeleka darasa la tatu. Nilikaa na watoto wa miaka minane, magoti yangu hayaingii chini ya dawati, nikawa nakaa upande upande kama mtu aliyepanda baiskeli kwenye keria. Wakati wa mapumziko watoto walinijia kuniomba niwavulie mapera, kwa sababu nilikuwa mrefu. Hiyo ndiyo ilikuwa faida yangu pekee shuleni. Nilivumilia muhula mmoja. Siku ya mwisho kabla ya Noeli nilimwambia mama kwamba sitarudi darasa la tatu, hata kama ningelima mihogo mpaka nife. Mama hakunigombeza. Alituma salamu Gitega kwa rafiki yake ambaye walikuwa majirani kule Tanzania kabla rafiki huyo hajaolewa na fundi cherehani wa Kiislamu. Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva wa lori la maharagwe: mlete, kuna nafasi ya kulala na mtoto wangu Hadija, na shule iko karibu.

Ndivyo nilivyoingia nyumba ile. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya Mzee Rajabu, mume wa Mama Hadija. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi ya mkaa, na ukutani kanzu zilizosubiri wenyewe zikiwa zimeshikizwa kwa pini. Kati ya karakana na nyumba hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kitenge, kwa hiyo sisi wa ndani tulisikia kila kitu kilichosemwa na wateja, na wateja walisikia kila sufuria iliyoanguka. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha kulia, kisha chumba chetu mimi na Hadija, kisha ua mdogo wenye jiko. Siku za kawaida tulikula ugali na maharagwe yaliyotiwa mawese, au lengalenga, mchicha wa huko, zilizopikwa na ndagala, dagaa wa ziwani. Ijumaa ilikuwa wali. Mimi ni Mkristo, na Jumapili ya kwanza Mama Hadija aliniamsha mapema, akanipa kitenge chake kizuri na kunionyesha njia ya kanisani. Aliniambia, "We uende kwenu, urudi tukule." Hilo halikuzungumzwa tena mpaka leo.

Hadija alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa darasa la sita, na mwisho wa mwaka wa masomo, katikati ya mwaka, angefanya konkuri, mtihani wa taifa wa kuingia sekondari. Mama yake alikwenda kuzungumza na direkteri, yaani mkuu wa shule, na direkteri akakubali nikae darasa la sita pamoja naye, "kwa kujaribu." Maneno hayo mawili sikuyapa uzito wakati ule. Nilifurahi tu kwamba magoti yangu yaliingia chini ya dawati.

Hesabu hazikunisumbua. Kirundi nilikisema kwa lafudhi ya kule, lakini nilikielewa. Kifaransa ndicho kilichokuwa ukuta, na katikati ya ukuta huo kulikuwa na jiwe moja kubwa: vitenzi. Mwalimu alituambia kwamba kila mwaka mtihani huuliza visawe. Wanakupa sentensi yenye kitenzi kivivu, faire, yaani kufanya, kisha wanakutaka ukitoe na uweke kingine kinachofaa zaidi. Kufanya nyumba, kufanya shamba, kufanya nguo, kufanya kosa: kila kimoja kina kitenzi chake, na ukikosea unapoteza alama. Baada ya faire inakuja dire, kusema, kisha mettre, kuweka, kisha voir, kuona. Wenzangu walikuwa wameyasikia maneno hayo tangu darasa la kwanza. Mimi niliyaandika kwa safu, nikayakariri kama mtu anayemeza mawe, na asubuhi yote yalikuwa yametoka.

Aliyenifungulia njia ni Mzee Rajabu, mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka miwili. Alasiri moja nilikuwa nimekaa chini ya meza ya kukatia, mahali penye baridi, nikirudia rudia, "Faire un habit, faire un habit," kufanya nguo, na jibu halinijii. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"We Domi," aliniita, kwa maana jina langu ni Domitila. "Unasema kufanya nguo? Mi siku yote iko hapa, sijafanya nguo hata moja."

"Sasa unafanya nini, baba?"

"Mi napima. Nakata. Napiga bandi. Nashona. Nikikosea nafumua. Nikimaliza napiga pasi. Kufanya ni ya mutu hajui kazi."

Nikatoka chini ya meza. Nilimwomba ayarudie yote polepole, kila neno na kitendo chake, na Hadija akakaa kwenye kiti cha wateja na kamusi ya shule akanitafutia Kifaransa chake. Kukata ilikuwa couper, lakini kukata kwa kipimo ili nguo itoke ilikuwa tailler. Kushona ilikuwa coudre, na kufumua ikawa découdre, ambayo ni kushona ileile iliyowekewa kichwa cha kutengua. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba Kifaransa nacho kina akili. Nilidhani ni kelele za kupita puani. Kuanzia siku ile sikukariri tena safu. Kila kitenzi nilikitafutia mtu na mahali. Mama Hadija alikanda, akasukuma, akachoma, akageuza, na hapo nilipata vitenzi vinne vya jikoni. Wateja wa Mzee Rajabu walinipa visawe vya kusema, kwa sababu nyuma ya pazia nilisikia watu wakilalamika, wakisihi, wakijisifu, wakinong'ona, wakikana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anasema tu. Mzee Rajabu alituachia mabaki ya karatasi za kaki alizokatia vielelezo vya nguo. Vitenzi vyetu tuliviandika kwenye mikono ya makoti na kola za mashati za karatasi hizo, na tukavibandika chumbani kwetu kwa ugali uliolala. Nikilala niliona kola yenye kuona, kutazama, kuchungulia, kukodoa. Hadija alilalamika kwamba chumba kimekuwa kama duka la nguo za watu wasio na viwiliwili.

Kufikia mwezi wa nne nilikuwa wa kumi darasani katika Kifaransa. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu wengi walitaka iaminike kwamba nilikuwa nasuasua. Madaftari ninayo. Hadija aliyatunza, na siku ya pili ya msiba alinitolea boksi zima, nikayaona makosa yangu na alama zangu kwa wino mwekundu. Wa kumi kati ya wanafunzi hamsini na wanne.

Jumamosi moja direkteri alikuja kupimwa suti. Tulikuwa ndani, mimi na Hadija, tunachambua maharagwe. Nilimsikia akicheka na Mzee Rajabu, nikasikia mita ya kupimia ikifunguka, kisha sauti yake ikashuka.

"Bon, Rajabu, mi nakwambia ukweli. Ule mutoto ya Tanzania sitamuweka ku liste ya konkuri."

"Kwa nini, direkteri?"

"Iko na akili, mi sikatai. Mais Kifaransa yake ya miezi mitano, itafika wapi? Akianguka, anaangusha shule. Wanatupanga kwa pourcentage ya wenye kufaulu, unajua."

Nilimngoja Mzee Rajabu ajibu. Nilisikia chaki ikipita kwenye kitambaa. Nilisikia anasema, "Inua mukono," kisha, "Teremusha." Hadija alinitazama, macho yamejaa aibu kwa niaba ya baba yake, na mimi nikaendelea kuchambua maharagwe kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Mzee Rajabu ndiye aliyeshona sare za shule ile yote, kila mwaka, watoto mia kadhaa, na mtu aliyeamua nani azishone ni yule aliyekuwa amesimama mbele yake mikono juu. Leo naelewa vizuri ukimya ule. Siku ile niliuchukia.

Jumatatu, kabla ya kengele, nilikwenda ofisini kwa direkteri. Sikumwambia mtu. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwambia nimesikia kwamba sitaandikishwa, na ninaomba anipime mwenyewe. Alishangaa, akaegemea kiti, akatabasamu. Ningependa kusema kwamba alikuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kawaida aliyezoea kutopingwa.

"Sawa," alisema. "Ijumaa uniletee verbes hamsini, kila moja na synonyme yake, kwa kichwa, bila karatasi. Ukiweza, nakuandika."

Wiki hiyo nyumba nzima ilisema vitenzi. Mama Hadija alikuwa ananirushia akiwa anasonga ugali, akivitamka vibaya, na mimi nililazimika kukisia kwanza alichotaka kusema. Hadija alinishika mkono tulipokwenda bombani na kuniuliza vitenzi kumi vya kwenda na kumi vya kurudi. Mzee Rajabu hakuniuliza kitu, lakini Alhamisi alizima redio ya karakana alasiri yote, naye ni mtu aliyeshona kwa redio. Ijumaa nikasimama mbele ya meza ya direkteri, mikono nyuma. Nilisema kumi, nikasema ishirini, nilipofika thelathini na mbili akanyoosha kiganja.

"Inatosha. Umejitahidi sana, kabisa. Mais liste ilishaenda ku mkoa."

"Ilienda lini, direkteri?"

Alitazama karatasi zake. "Lundi."

Jumatatu. Siku ileile aliyoniambia nijifunze. Alikuwa ameituma orodha asubuhi au mchana, sijui, lakini alinipa vitenzi hamsini kama mtu anavyompa mtoto kijiti achezee ili asilie. Nilivimalizia vile kumi na vinane vilivyobaki, kwa sauti, kimoja baada ya kingine, na yeye akabaki ameshika kalamu. Nilipofika hamsini nikamwambia asante, nikatoka.

Nyumbani nililieleza jambo zima kwenye mkeka wa chakula, na kwa mara ya kwanza niliwasikia watu wale wawili wakibishana mbele yetu. Mama Hadija alisema Jumatatu ataenda nami ofisi ya elimu ya mkoa. Orodha iliandikwa na mtu, alisema, na mtu anaweza kuandika tena.

"We unajua mi nashona uniforme za ile shule," Mzee Rajabu alisema. "Mukienda kule, direkteri atajua."

"Basi ajue."

"Na tutakula nini?"

"Tutakula hii tunakula," Mama Hadija alisema, akanisogezea sahani. "Huyu mutoto mama yake alinipa nimusomeshe. Hakunipa nimufiche."

Mzee Rajabu alinawa mikono akarudi kwenye mashine, na tulisikia cherehani ikienda kasi kuliko kawaida.

Katika ofisi ya mkoa tulikaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka watu wa ofisi walipokwenda kula na kurudi. Aliyetupokea ni mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mezani ana karanga kwenye kipande cha gazeti. Alimsikiliza Mama Hadija mpaka mwisho. Akasema wapo watahiniwa wanaojiandikisha wenyewe, wasiopitia shule, na daftari lao linafungwa siku ileile, lakini haandiki mtu kwa huruma. Akaniuliza kwa Kirundi jina langu na nilikotoka. Nilipojibu, alitikisa kichwa kwa lafudhi yangu. Kisha akachukua karatasi, akaandika vitenzi vitatu vya Kifaransa, akaigeuza upande wangu: rentrer, retourner, revenir.

"Ni synonymes?" aliuliza.

Kwa Kiswahili vyote vitatu ni kurudi, na mtu mwenye haraka angesema ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimeishi miezi mitano ndani ya mambo kama hayo. Nilimwambia vinakaribiana, ila si kimoja. Rentrer ni kurudi ndani, nyumbani kwako, kama Warundi wanavyosema gutaha. Retourner ni kurudi kule ulikowahi kuwa, ukitoka hapa. Revenir ni kurudi hapa, ulipoondoka. Nilieleza kwa Kirundi changu kibovu, na kilipokatika nikaunga kwa Kiswahili, na vidole vyangu vilikwenda na kurudi juu ya meza yake kati ya karanga na muhuri.

Akavua miwani. "Na wewe, wakati mumetoka Tanzania, ulifanya gani hapa kwa hizi tatu?"

Karatasi zetu zote za mpakani ziliniita mrudi. Mwalimu wa Gashoho aliniita mrudi. Kanisani walituombea sisi tuliorudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Hakuna hata kimoja, madamu," nilisema. "Mama yangu alirudi. Mimi nilizaliwa kule, sikuwahi kuwa hapa. Sikurudi. Nilikuja."

"Sema kwa Kifaransa."

"Je suis venue."

"Andika."

Nikaandika chini ya vitenzi vyake, na mwisho wa neno la mwisho nikaweka ile e ya mwanamke ambayo Hadija alinipigia kelele kwa ajili yake kuanzia mwezi wa pili. Mama yule aliisoma karatasi. Akamgeukia Mama Hadija, akasema kwa Kiswahili cha Gitega, "Huyu mutoto iko jeuri." Mama Hadija akajibu, "Iko." Basi akavuta daftari, akaandika jina langu.

Nimefasiri mahakamani kesi nyingi za watu kama mimi. Mtu anasimama, anaulizwa kwa nini amerudi kudai shamba, naye anahangaika kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuondoka. Huwa nasimamisha kesi kidogo, namwambia hakimu kitenzi si hicho. Wengine hukasirika. Hakimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba kazi yangu ni kufasiri, si kufundisha. Nilimwambia kwamba mtu asiyejua tofauti ya kuja na kurudi atanyimwa shamba kwa kosa la sarufi. Hakunipenda, lakini aliandika upya.

Mtihani wenyewe ulikuwa mfupi kuliko hofu yake. Nilikaa chumba cha watahiniwa wasio na shule, kati ya mwanamume mwenye ndevu na msichana aliyenyonyesha mtoto wakati wa mapumziko. Vitenzi vilikuja, kumi, na kimoja kilikuwa kufanya nguo. Niliandika confectionner, kitenzi cha fundi nguo, nikitabasamu peke yangu, msimamizi akanijia kuangalia kama nina karatasi mfichoni. Majibu yalipotoka, jina la Hadija lilikuwa mlangoni pa shule, la pili kutoka juu. Langu halikuwapo, na halikupaswa kuwapo. Tulilikuta kwenye ukuta wa ofisi ya mkoa, kwenye orodha fupi ya mwisho: nimefaulu, nimepangiwa shule ya bweni Muyinga, na alama zangu zilimpita kila mtoto wa shule ile isipokuwa wawili. Hadija alikuwa mmoja wa hao wawili, na hajawahi kuacha kunikumbusha.

Siku nne baadaye direkteri alikuja nyumbani, amevaa ile suti. Hakusimama karakana. Aliomba kuingia ndani, akaketi kwenye mkeka, akaleta biskuti. Aliniita binti yangu. Akatoa karatasi iliyopigwa chapa na kunisomea: kwamba mimi nilitayarishwa na shule yake na kuandikwa nje ya orodha kwa makosa ya karani, na ninaomba alama zangu zihesabiwe za shule. Kulikuwa na nafasi ya saini.

"Ni kitu kidogo," alisema. "Ulikaa kwa darasa yangu, ama ni uongo?"

"Nilikaa, direkteri. Mwalimu nitamshukuru maisha yangu yote. Lakini halikuwa kosa la karani."

"Ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, yaache."

Alimgeukia Mzee Rajabu na kuanza kuzungumza habari za sare za mwaka ujao, polepole, kama mtu aliyebadili mazungumzo. Sote tulielewa. Mzee Rajabu aliniambia, bila ukali, "Domi, mutoto wangu, saini." Nilimtazama Mama Hadija. Alikuwa anakanda unga wa chapati mlangoni pa ua, na aliendelea kukanda. Hakutikisa kichwa wala hakuniinulia jicho. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akasema kama angesema ndiyo au hapana, jambo lingekuwa lake.

Niliisukuma karatasi mpaka ikafika kwenye goti la direkteri. Nikamwambia kwamba sitaweka saini.

Mwezi wa tisa nikaenda Muyinga, na sare za shule ile zikaenda kwa fundi mwingine. Niliporudi Gitega likizo ya mwezi wa kumi na mbili, karakana ilikuwa imejaa vitambaa vizito vya mistari. Mzee Rajabu alikuwa anashona foronya za magodoro kwa ajili ya nyumba za wageni, kazi inayotoboa vidole na isiyo na sifa yoyote. Alinijibu salamu. Zaidi ya hapo, hakusema nami siku ya kwanza wala siku ya pili. Alikula akiangalia sahani. Hadija alinionya nisimguse, na Mama Hadija alisema tu kwamba mume wake si mtu wa kukasirika haraka wala kupoa haraka.

Nimekuwa mtu mzima, na watu wameniambia mara nyingi kwamba ningeweza kusaini. Mume wangu ameniambia. Ni kweli kwamba saini ile haingeninyima kitu, na kwamba mzigo wa kukataa kwangu ulibebwa na mgongo wa mtu mwingine. Hilo linaniumiza hadi leo, na sitaki kulipunguza. Lakini nikijiweka tena kwenye mkeka ule, na karatasi ile mbele yangu, naisukuma tena.

Siku ya tatu ya likizo niliingia karakana asubuhi, nikavuta kigoda, nikachukua sindano nene kutoka kwenye mto wa pini na foronya moja kutoka kwenye rundo lake. Sikumwomba radhi, kwa sababu ningemdanganya. Nilianza kushona pindo kwa mkono. Kitambaa kilikuwa kigumu, nilijichoma mara mbili, nikaendelea mpaka jua lilipofika kwenye meza ya kukatia. Ndipo mguu wake ukasimama kwenye pedali. Akanyoosha mkono, akaichukua foronya yangu, akaitazama kwa mbali kisha kwa karibu.

"Imepinda," alisema, akanirudishia pamoja na mkasi. "Fumua."

Nikafumua.